Heshima si woga: tunavyojifunza kusema, huku Kansanga



Alikuja kwetu dada mmoja anayehudumu katika baa, huku kwetu kati ya Kabalagala na Kansanga. Alikuja siku ya Jumanne, ambayo ndiyo siku yetu ya kukutana, maana mwisho wa wiki watu wa mabaa hawana nafasi hata ya kukaa chini. Alikaa nyuma, karibu na mlango. Mkutano ulipokwisha akabaki, akatueleza kwa sauti ndogo kwamba wateja wanne walikula na kunywa, wakaondoka bila kulipa, na meneja ameandika deni lote, shilingi 86,000, juu ya mshahara wake. Tukamwuliza: wewe ulimjibu nini? Akasema, "Nilimwambia, sawa bosi, asante."

Ni hiyo "asante" iliyotufanya tuandike maneno haya.

Wengine mtacheka. Lakini tuulizane kwa haki: nani kati yetu hajapata kushukuru kwa jambo linalomwumiza? Askari wa ulinzi anaambiwa abaki getini mpaka kesho mchana kwa sababu mwenzake hakuja, anasema sawa. Mpishi anaambiwa sikukuu hakuna malipo zaidi, anasema sawa. Mfanyakazi wa nyumbani kule mlimani Muyenga anaambiwa mshahara wa mwezi huu utaunganishwa na wa mwezi ujao, naye anasema sawa mama. Usiku, akiwa peke yake, ndipo maneno yote mazuri yanapomjia.

Sisi tunaofanya kazi ya kuandikisha wanachama katika barabara hii ya Ggaba tumeona kwamba kumpa mtu kadi ya chama hakumpi ulimi. Kadi anaiweka ndani ya sanduku, na siku ya shida anainamisha kichwa vile vile. Kwa hiyo tumeanza somo la kusema. Walimu hatuna. Sisi wenyewe wengi wetu tuliishia darasa la saba, na tunajifunza pamoja na wale tunaowafundisha.

Jambo la kwanza tulilogombana nalo ni heshima. Msichana wa Kiganda amelelewa kupiga magoti anapomsalimu mkubwa. Wengine wamelelewa kutomtazama mzee machoni, wengine kutomjibu baba hata kama amekosea. Dada mmoja alisimama akatuambia: mnataka tuwe watu bila adabu? Hapana, hatutaki. Mmoja wa wawakilishi wetu hodari kabisa ni mama ambaye kila asubuhi humpigia magoti tajiri wake, mzee wa miaka mingi, na kutoka pale pale chini humwambia, "Ssebo, likizo yangu ya mwaka jana bado siku tisa." Yule mzee hajapata kumwita mkosefu wa adabu, angewezaje? Magoti ni ya mila. Siku tisa ni zake. Ubaya unakuja pale mwajiri anapoichukua heshima tuliyofundishwa na wazazi wetu akaifanya kuwa mali yake, ili kila anayeuliza aonekane amemtukana.

Na hapa tuseme kidogo juu ya Kiswahili chenyewe. Mikutano yetu tunaifanya kwa Kiswahili kwa sababu kuna askari kutoka West Nile, kuna wapishi kutoka Kongo, kuna wafagiaji wa mabweni ya wanafunzi waliozaliwa karibu na mpaka wa Kenya, na chuo kikuu kilichopo hapa Kansanga kimeleta Wakenya na Watanzania wengi. Lakini katika Kampala lugha hii imebeba jina baya tangu miaka ya wanajeshi. Watu wengi waliisikia kwanza kwenye kizuizi cha barabara, mwenye bunduki akisema lete, kaa chini, toka. Basi tumeona ajabu: mtu mpole sana kwa Kiluganda, akianza Kiswahili anakuwa mkali kama sajini. "Toa pesa yangu!" Imetubidi kufundisha kwamba Kiswahili pia kina tafadhali, na kina naomba. Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilikubali kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Labda watoto wetu watakijua kwa upande wake wa pili.

Ukali huo nao si dawa. Watu hudhani kwamba anayenyamaza na anayelipuka ni watu wawili tofauti. Sisi tunasema mara nyingi ni mtu yule yule, leo na kesho. Mmoja wetu, ambaye leo ni mtu mzima katika chama, alikuwa askari wa usiku katika kampuni moja miaka ishirini iliyopita. Miezi mitatu hakulipwa. Miezi mitatu alisema sawa. Mwezi wa nne, asubuhi moja mbele ya wateja, alitupa tochi chini akamtukana msimamizi wake, yeye pamoja na mama yake mzazi. Alifukuzwa saa ile ile. Alipokwenda kulalamika, kila aliyemsikiliza alitaka kujua kwanza habari ya yale matusi. Matusi yakawa kesi, na mshahara wa miezi mitatu ukasahauliwa. Tena hakuwa na karatasi hata moja inayoonyesha aliajiriwa lini. Mpaka leo akisimulia habari hiyo anaanza kwa kucheka, na hamalizi akiwa anacheka.

Basi tunafanya hivi. Tunaweka viti viwili katikati ya chumba. Mmoja anakuwa meneja, mwingine anakuwa yeye mwenyewe na shida yake ya kweli. Tunamtaka aseme jambo lenyewe, siku lilipotokea, na anachoomba kifanyike, kwa sentensi tatu au nne, bila kumtaja mtu tabia yake. Usiseme "wewe ni mnyonyaji", hata kama ni kweli, maana atabishana na wewe juu ya unyonyaji mpaka jua lizame. Sema, "Bosi, kazi yangu inaisha saa nne za usiku. Jumamosi nilitoka saa saba. Naomba zile saa tatu ziandikwe." Halafu nyamaza.

Hapo kwenye kunyamaza ndipo watu wengi wanapoanguka. Tumelitazama jambo hili mara nyingi sana. Mtu anasema maneno yake vizuri kabisa, meneja anamtazama tu, na ule ukimya unamshinda. Anaanza kuujaza: "lakini kama haiwezekani, basi... si lazima leo... samahani kwa usumbufu..." Amekwisha jinyang'anya mwenyewe kile alichoomba, wala meneja hajafungua kinywa. Kwa hiyo tunawafundisha watu kuhesabu moyoni. Ukimaliza kusema, hesabu moja mpaka kumi, polepole. Ni ajabu jinsi kumi inavyokuwa mbali.

Lakini maneno matupu hayatoshi. Lazima ujue unasimama juu ya nini. Sheria ya Ajira ya Uganda ni ya mwaka 2006. Inasema kazi ya wiki isizidi saa 48 za kawaida, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na zikiwa za sikukuu ya taifa zilipwe mara mbili. Inasema mtu asifanye kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila kupata mapumziko ya saa 24. Likizo yenye malipo ni siku saba kwa kila miezi minne uliyofanya kazi. Mwajiri anatakiwa kukuandikia masharti ya kazi yako katika muda wa wiki 12 tangu uanze. Mshahara wako hawezi kuukata ovyo, makato anayoruhusiwa yametajwa. Na kabla ya kukufukuza kwa kosa, lazima akueleze sababu kwa lugha unayoweza kuielewa, na una haki ya kuwa na mtu mwingine uliyemchagua mwenyewe pale unapojieleza. Someni tena hapo, ndugu: lugha unayoielewa, na mtu wako pembeni. Wangapi wetu tumefukuzwa kwa Kiingereza, tukiwa peke yetu?

Katika jambo la mshahara wenyewe, tusidanganyane. Kima cha chini kilichopo kiliwekwa mwaka 1984, nacho ni shilingi 6,000 kwa mwezi, fedha ambayo leo haikutoshi chakula cha siku mbili hapa mjini. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuleta utaratibu mpya, na Rais akakataa kuutia saini. Kwa hiyo ukienda kwa bosi kuomba nyongeza usimwambie "sheria inasema", maana hapo haisemi kitu. Hapo kuna karatasi yako, na kuna wingi wenu.

Huwa tunawasimulia watu habari za mama mmoja aliyeitwa Jayaben Desai. Alizaliwa Gujarat, India, akaolewa, akaishi Tanganyika na mumewe, kisha wakahamia Uingereza. Huko London alipata kazi katika kampuni ya Grunwick, iliyosafisha picha za watu. Wafanyakazi wengi pale walikuwa akina mama wa asili ya Kihindi waliotoka Afrika Mashariki, na miongoni mwao walikuwamo waliotoka hapa kwetu Uganda, kwa maana Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972. Walilipwa kidogo, saa za ziada zilikuwa za lazima, na mtu mzima alipotaka kwenda chooni ilimbidi aombe ruhusa.

Mwezi wa Agosti 1976 Bi. Desai alikuwa anajitayarisha kwenda nyumbani, akaambiwa abaki. Alikataa. Mwili wake ulikuwa mdogo na mfupi, lakini alimwambia meneja mbele ya watu kwamba pale si kiwanda, ni mahali pa kufugia wanyama, na kwamba kati ya wanyama wapo nyani wa kuchezeshwa na wapo simba. Akatoka, yeye na mtoto wake aliyefanya kazi pale pale. Baada yake walitoka wengine, wakafika zaidi ya mia. Walisimama nje ya lile lango karibu miaka miwili, wamevaa sari zao, katika baridi. Wafanyakazi wa posta walikataa kubeba barua za kiwanda kile, na wachimbaji wa makaa ya mawe walisafiri kutoka mbali kuja kusimama pamoja nao. Mwaka 1977 tume ya serikali iliyoongozwa na jaji Scarman ilipendekeza warudishwe kazini. Mwenye kampuni alikataa. Mwezi wa Julai 1978 mgomo ulikwisha, nao hawakurudishwa.

Wako wenzetu wanaosema habari hii isisimuliwe, kwa sababu mwisho wake ni kushindwa, nayo inawavunja watu moyo. Tumebishana sana. Sisi tunaisimulia hivyo hivyo, kwa sababu tukisema kwamba kila anayesema atapata, tutakuwa waongo, na uwongo huo utagunduliwa siku ya kwanza. Tena tunawaonyesha jambo moja ndani yake: siku walipotoka hawakuwa wanachama wa chama chochote. Walitoka kwanza, ndipo wakaingia chama kilichoitwa APEX. Sisi tunaomba wenzetu wa Kansanga waanze na chama, simba aje baadaye.

Nalo si jambo geni katika mji huu. Mwaka 1958 shirikisho la kimataifa la vyama huru vya wafanyakazi lilifungua hapa Kampala chuo cha wafanyakazi wa Afrika, na watu walitoka nchi nyingi kuja kujifunza jinsi ya kukaa mezani na mwajiri. Kilifungwa mwaka 1968. Sisi na viti vyetu viwili hatuwezi kujilinganisha nacho, ila kazi ni ile ile.

Sasa tuje nyumbani, maana hapo ndipo somo letu lilipotugeukia.

Tulikuwa na mama mmoja, mfagiaji, ambaye kwenye kile kiti alikuwa simba kweli kweli. Alimkabili meneja wa mchezo mpaka meneja akaomba maji. Tukampigia makofi. Mkutano ulipokwisha tulimwomba namba yake ya simu ili tumtaarifu safari nyingine. Akasema simu haikai naye. Inakaa na mumewe, na mshahara wake huingia katika simu hiyo, na namba ya siri anaijua mume. Yeye huomba nauli. Tukamwambia, basi kaa kwenye kiti, mmoja wetu awe mume wako, umwombe simu yako. Alikaa. Hakuweza kusema hata neno moja. Alitazama mikono yake tu.

Wanaume waliokuwamo chumbani nao walitazama mikono yao, kwa maana wengi wao wanajua ni nani ana namba ya siri kwao.

Yule mwenzetu wa tochi hapo juu alitueleza siku hiyo kitu ambacho hakupata kukisema. Wakati ule alipokuwa anasema "sawa bosi" kule getini, alipofika nyumbani alikuwa akigomba juu ya chumvi ya mchuzi, juu ya mlango uliofunguliwa, juu ya mtoto aliyecheka. Usiku mmoja mke wake akaweka sahani chini, akamwambia polepole, "Baba, hapa si getini. Mimi siye yule bosi wako. Ukitaka chakula sema unataka chakula, ukiwa na huzuni sema una huzuni." Kisha akanyamaza. Mwenzetu alikasirika siku mbili nzima. Siku ya tatu akaona kwamba kile alichoshindwa kumwambia msimamizi wake kwa miezi mitatu, mke wake amemwambia yeye kwa sentensi tatu, bila tusi hata moja. Anasema mwalimu wake wa kwanza katika somo hili alikuwa ni yule mama, na chama kilikuja nyuma.

Lakini hapa lazima tuwe waangalifu. Palipo na kipigo, hatumwambii mtu aende akaseme maneno mazuri halafu ahesabu mpaka kumi. Kuna Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010, nayo inahesabu kunyimwa fedha na mali yako kuwa ni ukatili pia, na shauri laweza kuanza kwa baraza la mtaa, yaani LC, au polisi. Aende na ndugu au jirani. Kazini vile vile, yule msimamizi anayemwambia msichana kwamba zamu nzuri zina bei yake na bei hiyo ni mwili wake, huyo amekatazwa na Sheria ya Ajira, na malalamiko hupelekwa kwa afisa wa kazi. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 anatakiwa kuwa na utaratibu wa kuzuia mambo hayo. Mabaa yetu mengi hayafikishi watu 25, lakini katazo lenyewe halihesabu vichwa. Na mwezi wa Agosti 2023 Uganda iliridhia Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2019, ambao unazungumzia hata ujumbe wa simu na safari ya kwenda kazini, na unakubali kwamba mapigo ya nyumbani yanamfuata mtu mpaka kazini. Mfagiaji wetu alikuwa amekwisha tufundisha hilo.

Kuna na yale mambo madogo, ambayo tunayapita upesi. Askari mmoja aliahidi shilingi 100,000 katika mkutano wa harusi ya mtoto wa shangazi yake, na yeye mwenyewe ana deni la kodi ya nyumba. Kwa nini? Kwa sababu karatasi ilikuwa inazunguka na watu walikuwa wanatazama. Tulimfanyisha zoezi la kusema, "Nitakuja kusaidia kubeba viti." Alisema ni gumu kuliko kumdai bosi.

Turudi kwa dada wa baa. Alifanya zoezi mara tatu. Mara ya kwanza alilia, mara ya pili alisema asante mwishoni kwa mazoea, mara ya tatu alifika kumi. Tulimshauri asiende usiku wakati wateja wamejaa, bali saa tisa mchana, naye aende na mwenzake mmoja. Alhamisi alikwenda. Alisema: wale wateja waliondoka mimi nikiwa jikoni nachukua sahani, mlinzi alikuwepo mlangoni, sikukubali popote kukatwa mshahara, naomba 86,000 iondolewe. Halafu akanyamaza. Anasema alifika saba tu, meneja akauliza, "Nani amekufundisha?"

Alimjibu kwamba wanajifunza wengi.

Baada ya wiki moja nusu ya deni ilifutwa. Nusu nyingine meneja anasema mpaka amwulize tajiri. Na wiki iliyofuata dada aliondolewa zamu ya Ijumaa, ambayo ndiyo yenye bakshishi nzuri, bila kuelezwa sababu. Hatukulitarajia hilo, na tunalisema wazi ili atakayekwenda kesho aende akijua. Tumeandika barua kwa mwajiri, nakala kwa afisa wa kazi, na wenzake wawili wa baa ile ile wametia saini pamoja naye. Jibu bado.

Jumanne iliyopita walikuja wote watatu. Safari hii dada alikataa kukaa kiti cha mfanyakazi, akataka kuwa meneja, na ni meneja mkali kweli. Askari wawili wamekwisha shindwa mbele yake.